Anayelia Asubiri Kidogo

Wadogo zangu wa wodi ya watoto,

Siku mliyoniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na keki yenye sukari ya kumtosha mtu mwaka mzima, kisha mkanishikisha kipaza sauti. Nikasema asanteni, nikakaa. Mnanijua. Nikisimamishwa mbele ya watu ulimi unakuwa mzito, ila nikipewa kalamu na kikombe cha chai sijui kunyamaza. Basi hotuba yenyewe ndiyo hii. Mtaisoma mkiwa na zamu tulivu, kama zamu za namna hiyo bado zipo.

Kuna jambo pia la kueleza. Katikati ya sherehe aliingia mzee mmoja kutoka Kinole ambaye hakualikwa na mtu. Alikuwa na mkungu wa ndizi begani, kofia safi kichwani, na puani amevaa mipira ya oksijeni isiyounganishwa popote, inaning'inia kifuani kama tai. Akapita katikati ya meza, akasimama mbele yangu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi maabara, "Mnyamwezi, nimesikia umechoka kubeba mizigo." Wageni walitazamana. Mlinzi alianza kusogea. Mimi nilicheka mpaka nikashika meza, na wengi wenu mkacheka kwa sababu mimi nacheka, bila kujua kinachochekesha. Nitawaeleza, lakini lazima nianze mwanzo, maana bila mwanzo mzee yule ataonekana hana akili, na akili anazo.

Nilishuka stesheni ya Morogoro nikiwa msichana mwenye cheti kipya na sanduku la bati. Nimekulia Urambo, kwenye nchi tambarare, ambako kitu kirefu kuliko nyumba kilikuwa kichuguu. Nilipoinua macho nikaona Uluguru imesimama nyuma ya mji na wingu zito limeikalia, nikadhani mvua inakuja, nikaanza kutafuta pa kujikinga. Mchukuzi aliyebeba sanduku langu alinihurumia. "Hilo wingu haliji, dada," alisema. "Hilo linakaa hapo hapo." Nilikaa nalo mpaka nikastaafu.

Asubuhi iliyofuata nilikabidhiwa kwa Sista Kandida, mkuu wa wodi ya watoto, mwanamke mfupi wa Mahenge mwenye saa kifuani na viatu visivyotoa sauti. Benchi la mapokezi lilikuwa limejaa akina mama, na mtoto mmoja wa kiume alikuwa anapiga kelele kana kwamba anachunwa ngozi. Nikamkimbilia. Sikufika. Sista Kandida alinidaka kwa mkanda wa gauni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa yule anayelia, Sista."

"Yule ana pumzi ya kulilia. Asubiri kidogo. Nitafutie aliyenyamaza."

Nikarudi mwanzo wa benchi nikapita taratibu, natafuta kimya. Mtoto mmoja alikuwa amelala. Mwingine alikuwa anafyonza chungwa, ana shughuli zake. Wa tatu alikuwa amekaa wima mapajani mwa mama yake, anatazama mbele pasipo kutazama kitu, na mabawa ya pua yake yanafunguka na kufunga. Mama yake alikuwa ameshamwachia nafasi yule wa kelele, kwa adabu. Huyo wa tatu ndiye tuliyeanza naye, na yule wa kelele tulimkuta baadaye ana mwiba kwenye kidole cha mguu.

Hiyo ndiyo shule yangu. Vyeti vingine nilivyopata baadaye viko kabatini na sina habari navyo.

Sista Kandida alinifundisha kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Msinitolee habari za kuhesabu nusu dakika mkazidisha mara mbili. Mtoto mdogo anapumua kwa vipindi, anaenda mbio kisha anasita, na ukikamata nusu ya mbio tu utamwona mgonjwa mahututi, ukikamata nusu ya kusita utamrudisha nyumbani akafie huko. Shati lipandishwe, mtoto awe mapajani mwa mama, si juu ya kitanda cha baridi ambako yeyote angehema. Na mikono yako ioshwe kwa maji ya vuguvugu, maana mtoto akishtuliwa na kidole cha barafu hesabu yote imeharibika. Nimewaambia haya mara nyingi hadi mkawa mnaniiga nyuma ya pazia. Nilikuwa nawasikia.

Jambo jingine nililojifunza mwaka ule halimo katika kitabu chochote cha uuguzi. Bibi mmoja wa Matombo aliyekuwa anamuuguza mjukuu wake aliniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Urambo, mimi Mnyamwezi. Papo hapo akanivua kofia yangu ya uuguzi, akaivaa yeye, akaanza kunituma maji. Nilipigwa na butwaa. Wodi nzima ya Waluguru ilikuwa inavunjika mbavu. Sista Kandida akanivuta kando akanieleza kwamba Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, wakati babu zetu wakipita hapa na meno ya tembo vichwani. Mtani anakwambia lolote, anakuchukulia chako, na hukasiriki. Ukikasirika umeshindwa, na unatozwa kuku.

"Hiyo ni dawa ambayo stoo hawana," aliniambia. "Itunze."

Niliitunza. Wazazi waliokuwa hawamsikii daktari walinisikia mimi nikiwatukana, maana tusi la mtani halina sumu.

Vifaa vilibadilika sana. Nilianza na vipimajoto vya zebaki ambavyo kila kikivunjika wodi nzima ilipiga magoti kukusanya vishanga vya fedha. Nilianza pia na mitungi ya oksijeni mirefu kuliko mimi, na spana moja tu ya kuifungulia, imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza kama mbuzi, kwa sababu mafundi wa gari walikuwa wanaipenda. Mitungi ilikuwa michache, kwa hiyo oksijeni tulimpa mtoto pale tu hali ilipokuwa imefika pabaya kabisa. Watu wakaangalia, wakaona anayewekewa mipira puani mara nyingi hatoki. Wakahitimisha kwamba mipira ndiyo inayoua. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona kweli, ila waliona mwisho wa habari bila mwanzo wake. Hata zilipokuja mashine za umeme zinazotengeneza oksijeni hapo hapo, na kipima oksijeni kidogo cha kubana kidole, woga ule ulibaki mjini na mlimani, na ninyi mnajua bado upo.

Sasa nije kwenye corona, ambayo ndiyo mnayoniuliza kila mara, hasa ninyi mliokuja baada yake.

Mwanzoni tuliambiwa ni ugonjwa wa wazee, watoto hauwagusi. Nilifurahi kusikia hivyo, na kwa sehemu kubwa ilikuwa kweli. Wengi wa watoto waliopata virusi vile hata hospitali hawakuona. Lakini wale wachache waliolazwa kwetu walinifunza unyenyekevu. Katika chumba cha kutengwa, mwisho wa korido, tulikuwa na mtoto aitwaye Bakari, aliyeanguka kutoka kwenye mfenesi akavunjika mkono. Alipopimwa ili apelekwe chumba cha upasuaji, akaonekana ana corona. Hana homa, hana kikohozi, hana habari. Alikuwa anaruka kitanda hadi kitanda na plasta yake nyeupe mkononi, na tuliowaonea huruma ni wagonjwa wenzake.

Kitanda cha jirani alilala Imrani, mjukuu wa mwenye duka la vyombo mjini. Kwao wote walikohoa wakapona, yeye akiwa wa kwanza kupona. Wiki kadhaa baadaye akashikwa na homa isiyoshuka, macho mekundu, midomo imepasuka, vipele mwili mzima. Virusi vilikuwa vimeshaondoka, mwili wake ndio uliokuwa bado unapigana na adui ambaye hayupo. Daktari wetu, Daktari Neema, binti wa Moshi aliyekuwa na sisi kwa muda mfupi tu, alikaa kwenye simu na wakubwa wake wa Dar es Salaam mpaka wakapata njia ya kumtuliza. Akapona. Bibi yake alituletea wali na dengu kwenye hotipoti kila mchana, hata baada ya Imrani kuruhusiwa, mpaka tukamwomba apumzike.

Kwa hiyo chumba kimoja, ugonjwa mmoja: mmoja anaruka vitanda, mwingine anaungua homa wiki kadhaa baadaye. Nilimuuliza Daktari Neema kwa nini. Alinijibu kama daktari wa kweli anavyojibu: "Baadhi najua, Sista. Baadhi hakuna anayejua." Watoto wachanga sana, wenye moyo mbovu, wenye utapiamlo na wenye selimundu, hao tuliwaangalia kwa macho manne. Waliobaki tuliwaangalia hivyo hivyo, maana ugonjwa haukuwa umetuahidi kitu.

Asubuhi moja katika wimbi lililotubana kuliko mengine alikuja mama mmoja kutoka Kihonda, jina lake Tatu. Kifuani alikuwa na mtoto wake mchanga, Hamisi, mwenye homa kali, analia mpaka koo limekauka. Nyuma yake, ameshika pindo la khanga, alikuwa dada yake Hamisi, Mwajuma, wa miaka sita. Joyce, ambaye ndiye sista mkuu wenu sasa, akampokea Hamisi. Mwajuma akakaa mwisho wa benchi, mikono juu ya magoti, vidole vyake vimepambwa hina na piko nyeusi kutoka kwenye harusi ya mama yake mdogo.

"Na huyu?" niliuliza.

"Huyu mzima, Sista. Nimekosa pa kumwacha," alisema Tatu. "Tena leo namshukuru Mungu ametulia. Huwa mtundu, huyo, hakai."

Neno hilo lilinishika. Nikachuchumaa mbele ya mtoto. "Mwajuma, hujambo?"

Alikuwa mtoto aliyelelewa, akajua cha kunijibu. "Shika," alisema. Kisha akasita, akavuta hewa kwa mabega. "Moo."

Nimeitikia shikamoo za watoto maisha yangu yote, na sijawahi kusikia nyingine iliyokatika katikati. Nikapandisha gauni lake. Chini ya mbavu nyama ilikuwa inazama kila akivuta pumzi. Joyce akambana kidole kwa kipima oksijeni, kikaonyesha themanini na mbili kwa mia. "Hiyo piko, Sista," Joyce alisema, "rangi nyeusi inakidanganya." Alikuwa na haki ya kusema hivyo, piko na rangi ya kucha vimetusumbua sana. Nikamvua Mwajuma ndala, nikakibana kwenye kidole gumba cha mguu, ambacho hakikupambwa. Themanini na mbili vile vile. Mtoto aliyeletwa hospitali kwa kukosa pa kuachwa ndiye aliyekuwa anakufa.

Nilimbeba mwenyewe hadi chumba cha kutengwa. Daktari Neema alimsikiliza kifua, akasema ni nimonia, pande zote mbili, na kipimo kikathibitisha corona kwa ndugu wote wawili. Hamisi yule wa kelele alipata dawa ya homa, akanyonya, akalala. Kwa Mwajuma daktari alisema neno moja tu: oksijeni. Mashine ilikuwa tayari, inanguruma. Nikafungua pakiti mpya ya mipira ya puani. Tatu akaona mipira, akamkumbatia binti yake kwa mikono yote.

"Hiyo hapana," alisema. "Sindano mchome, dripu mtundike. Hiyo hapana. Mama yangu alivikwa hiyo na hakutoka."

Nilimweleza. Daktari alimweleza. Tukampigia simu baba wa mtoto, dereva wa bodaboda, naye akasema maneno ambayo mgeni hapa angeshangaa kuyasikia: "Sista, mimi ni baba tu. Watoto ni wa ukoo wa mama yao. Mjomba wao ndiye msemaji. Nikikubali mimi likatokea la kutokea, sitakuwa na pa kupita." Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mjomba ni mtu mzito. Daktari Neema alinitazama kama mtu aliyeambiwa tusubiri barua kutoka mwezini.

Mmoja wenu aliwahi kuniuliza kwa nini hatukumvika kwa nguvu. Kwa sababu mama aliyenyang'anywa mtoto huivua mipira mkigeuka, au humfunga mtoto mgongoni akapita mlango wa jikoni, na tulikuwa tumeyaona yote mawili. Nikamwomba Tatu kitu kidogo: nishike mpira mkononi, karibu na pua ya mtoto, usimguse. Akafikiri. Akakubali. Nikakaa pale nimenyoosha mkono, hewa ikimpuliza usoni, na kipimo kikapanda kidogo tu, hakikutosha. Mkono ukafa ganzi, Joyce akanipokea. Niliogopa, siwafichi. Nilimtazama yule mtoto nikajua kwamba kama mjomba yuko Kinole, atakapofika kutakuwa hakuna cha kuamua.

Bahati ilikuwa yetu. Ilikuwa siku ya soko, mjomba alikuwa mjini anashusha ndizi. Alifika akihema, mzee mrefu mwembamba, jina lake Salumu Kobelo, kwapani kifurushi cha mchaichai, majani ya mlimao na magome ya mdalasini. Alikuwa ameambiwa mtoto kabanwa kifua, akaja na vya nyungu, amfunike blanketi amfukize. Tukamvika gauni la kujikinga lililomfika magotini. Akasimama mlangoni, akaangalia mtoto, akaangalia mashine, uso ukafunga.

"Mkubwa hapa nani?"

"Daktari ni huyu. Mimi ni muuguzi."

"Wa wapi wewe? Usemi wako si wa hapa."

"Urambo, mzee. Mnyamwezi."

Nikaona kitu kinacheza kwenye kona ya jicho lake, hata katika shida ile. "Loo," alisema taratibu. "Yaani mtoto wetu kaangukia mikononi mwa wabeba mizigo."

Sijawahi kulifurahia tusi namna ile. Mlango ulikuwa umefunguka, nikaingia nao mzima mzima.

"Ndiyo," nikasema. "Na babu yako alipotuona tunapita na mizigo yetu alipanda mlimani akajificha migombani, mpaka leo hamjathubutu kushuka ila siku za soko."

Daktari Neema alishika kichwa. Hakuwahi kunisikia nikimjibu mzee hivyo.

"Mashine hii inaua," alisema Mzee Kobelo. "Nimezika watu waliovikwa hii."

"Basi ivae wewe. Ikikuua, nitakubeba mimi mwenyewe hadi Kinole, kichwani, kwa miguu. Si umesema ndiyo kazi yetu."

Tatu aliziba mdomo kwa khanga. Kumtamkia mtu kifo chake mbele ya mgonjwa, kwa mtu mwingine yeyote, ni laana. Mzee Kobelo alishusha kifurushi chake chini. Alikuwa na haki ya kukasirika, isipokuwa kwa Mnyamwezi. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Lete," alisema.

Nilimtazama daktari. Macho yake juu ya barakoa yalikuwa yanacheka kwa woga. "Endelea, Sista," alisema, akachukua mpira wa mtoto kutoka kwa Joyce akaushika mwenyewe. Mashine ilikuwa na njia mbili. Nikamketisha Mzee Kobelo kwenye stuli kando ya kitanda, akashusha barakoa, nikamvika mipira mipya puani, nikaipitisha nyuma ya masikio, nikafungua. Chumba chote kilimgeukia. Hata Bakari alikaa chini. Tatu alikuwa anamtazama kaka yake kama watu wanavyotazama jeneza likishushwa.

"Inatekenya," alisema Mzee Kobelo.

Akavuta pumzi moja. Akavuta nyingine, ndefu, amefumba macho.

"Hewa ya Kinole hii," alisema. "Hii ni ya kwetu kabisa, ya asubuhi, kabla jua halijagusa migomba. Mliiba lini, nyie watu?"

"Usiku, mlipolala."

Akamgeukia dada yake, na sauti yake ikabadilika, utani umekwisha. "Tatu, mvikeni mtoto." Kisha akamwinamia Mwajuma, mipira yake ikining'inia. "Mama, pumua. Ni hewa ya kwa bibi. Mimi ninayo, na wewe unayo."

Tukamvika. Tatu mwenyewe ndiye aliyeipitisha nyuma ya sikio la kushoto. Kipimo kikaanza kupanda, na Daktari Neema akatoka nje kidogo kufuta macho, akasema ni barakoa inamwasha.

Sitawadanganya kwamba mambo yalikwisha pale. Mtoto aliungua homa, akaanza kulalamika miguu, na daktari akaona weupe wa macho yake una umanjano. Akapima damu, ikaonekana ana selimundu ambayo hakuna aliyeijua. Yale maumivu ya miguu ya tangu zamani, ambayo kwao waliyaita ya kukua, hayakuwa ya kukua. Hapo angalau sehemu ya swali langu ilijibiwa: virusi vile vile vilivyompa Hamisi homa ya kupita vilikuta kwa dada yake damu inayoziba njia zake yenyewe. Akaongezewa damu, akapewa dawa, oksijeni ikaendelea. Kuna alasiri tuliyokaa na dereva wa gari la wagonjwa tayari kwa safari ya Dar, na roho zetu mkononi.

Kile kifurushi cha nyungu, nilimweleza Mzee Kobelo kwamba maji ya moto na mtoto anayehema havikai pamoja, nimeshawauguza walioungua. Alielewa haraka. "Basi mdalasini wekeni kwenye chai," alisema, "usipotee." Kuanzia siku hiyo chai ya wodi ya watoto haikunywewa na sisi peke yetu, maabara walianza kutukumbuka.

Mipira aliyoivaa nilimwambia aende nayo, kwa kuwa iliyokwisha kuvaliwa na mtu haivaliwi na mwingine. Nilidhani ataitupa. Kumbe siku ya pili Mwajuma akaanza kuing'oa yake, inamwasha, anaikataa, na kila tukiirudisha anaivua. Wageni hatukuwa tunawaruhusu tena ndani, lakini chumba kile kina dirisha kubwa la upande wa bustani. Asubuhi nikasikia kioo kinagongwa. Mzee Kobelo alikuwa amesimama nje kwenye umande, kikapu cha soko miguuni, mipira puani. Akaelekeza kidole kwenye pua yake, akaelekeza kwa mtoto. Mwajuma akamtazama, akairudisha yake mwenyewe.

Alikuja kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, na kila jioni kabla ya gari la Kinole, anasimama dirishani amevaa vile mbele ya watu wote wanaopita, wafagizi, wanafunzi wa udaktari, mama lishe. Waliomcheka aliwapungia mkono. Nilimpenda sana mtu yule, na kwa kuwa ni mtani wangu sikuweza kumwambia. Nilimwambia amekonda kama mdalasini wake.

Mwajuma alikaa kimya siku zote hizo. Akiulizwa anatikisa kichwa. Akichomwa sindano anakunja uso tu, machozi yanateremka bila sauti, na hilo liliniumiza kuliko kelele za wodi nzima. Tulipunguza oksijeni kidogo kidogo, tukaona anaimudu. Asubuhi moja Daktari Neema akasema tuizime, tumwangalie. Tukamvua mipira. Nikakaa kwenye meza ya wauguzi, kikombe cha chai ya mdalasini mbele yangu, masikio yote yako mwisho wa korido.

Ndipo nikasikia kilio. Kilio kirefu, kinene, kinachopanda, kilio cha mtoto aliyedhulumiwa na anayetaka mji mzima ujue. Niliinuka nikapiga meza kwa goti, chai ikamwagika, nikakimbia. Joyce akanipigia kelele nyuma yangu, "Sista, si unatuambia anayelia asubiri kidogo?" Kwa maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kumkimbilia mtoto anayelia, tangu siku niliyodakwa mkanda na Sista Kandida, na siku hiyo nilikimbia kama msichana wa Urambo aliyeshuka treni jana.

Mwajuma alikuwa amesimama juu ya kitanda, ngumi kiunoni. Kitanda cha pili Bakari alikuwa anatafuna, ganda mkononi mwenye plasta. Nikamnyooshea Mwajuma mikono. Akavuta pumzi.

"Huyu amekula ndizi yangu niliyoletewa na mjomba na sikumpa ruhusa," alisema, yote kwa mkupuo mmoja, bila kukatika.

Nililia mbele ya watoto, mimi na umri wangu. Kisha nikageuka dirishani. Mzee Kobelo alikuwa amesimama pale nje, amesikia kila kitu. Akaivua mipira puani, akaikunja vizuri, akaitia mfuko wa shati, akaokota kikapu chake akaenda sokoni.